Jamaa za Unguja na Pemba Baada ya Mapinduzi

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, katika siku za mwisho za Shaaban ya mwaka 1383 Hijria, na Uhuru wa Zanzibar haujatimiza hata miezi miwili, dola ya Seyyid Jamshid bin Abdulla ilipinduliwa, na Ramadhani ilipoandama, nyumba nyingi za Unguja zilifunga saumu pamoja na msiba.

Ni wajibu kukiri kuwa Mapinduzi yale hayakuzuka bila ya sababu, kwani mashamba makubwa ya mikarafuu yalikuwa milki ya wachache na athari za utumwa zilikuwa hai nyoyoni, na aliyegaiwa eka tatu za ardhi kuanzia mwaka 1965 aliiona neema. Lakini haki apewayo mmoja haihalalishi damu ya jirani yake. Waarabu wengi waliuawa, Wamanga wakapakiwa majahazini wakahamishwa, Pemba watu wakachapwa bakora hadharani, na mawaziri wa Uhuru, miongoni mwao Sheikh Mohamed Shamte na Sheikh Ali Muhsin Barwani, wakafungwa bara takriban miaka 10 pasina hukumu. Kisha dhulma ikawageukia wanamapinduzi wenyewe: Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, waliokuwa viongozi wa serikali ya Mapinduzi, walirejeshwa Unguja kutoka bara mwaka 1969, wakauawa.

Mali hupotea ikachumwa tena. Lililowaelemea watu zaidi ni kukosa khabari. Mume alipochukuliwa usiku, na asionekane maiti wa kuoshwa wala kaburi la kuzuriwa, mkewe hakujua aanze lini kuhesabu eda, matanga hayakuwekwa, na mirathi haikugawika. Walioweza walivuka kwa siri hadi Mombasa na Tanga, wengine wakafika Maskati, ambako Kiswahili kimebaki lugha ya nyumbani. Na waliosalia, wengi wao mama na bibi, walilea mayatima, wakawasomesha Kurani, na wakawahifadhisha nasaba zao kwa sauti ya chini, kwa kuchelea masikio ya wapelelezi.

Kwa subira hiyo koo hazikukatika. Deni lililobaki ni la dola: kuwaonyesha warithi makaburi ya wazee wao, wawe walikuwa wafuasi wa chama cha Hizbu au cha Afro-Shirazi, kwani haki ya maiti kwa walio hai haifutwi na chama wala kabila.