Puliza Hapa

Aprili 2017, Mahakama ya Rufaa ilipozizima kanuni za Alcoblow, nilikuwa bado kampasi na nilishangilia kama mtu aliyeshinda bet. Jioni hiyo tulikunywa kwa heshima ya majaji, kisha beshte yangu mmoja akatuendesha nyumbani.

Watu wengi hudhani korti ilisema kunywa na kuendesha ni sawa. Wapi! Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamwadhibu dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari: faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela hadi miaka 2, au vyote viwili. Lakini kanuni za 2011, zilizoleta kile kidude cha kupuliza, hazikuuliza kama gari unalimudu. Ziliuliza namba tu. Ukipita mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, umekwisha. Majaji wakasema kanuni haiwezi kupingana na sheria mama.

Sasa, hiyo 35 si yetu. Ni ya Uingereza, pamoja na ndugu yake 80, yaani miligramu katika mililita 100 za damu. Na Waingereza walifika hapo polepole sana. Septemba 1897, dereva wa teksi ya umeme huko London, George Smith, aliligonga jengo, akakiri alikuwa amekunywa, akatozwa faini. Anatajwa kuwa dereva wa kwanza kushikwa kwa kosa hilo. Sheria iliyokuwepo, ya 1872, iliwalenga walevi wenye farasi, ng'ombe na injini za mvuke. Kwa miongo mingi baadaye, kuthibitisha ulevi kulikuwa kazi ya daktari wa polisi: tembea juu ya mstari, rudia maneno ya kukwaza ulimi. Mwenye kichwa kigumu na wakili mzuri alichomoka.

Namba ya 80 ilikuja 1967, ikisukumwa na Barbara Castle, waziri wa uchukuzi ambaye (hii naipenda) mwenyewe hakuwa akiendesha gari. Alitukanwa sana. Mwaka wa kwanza, vifo barabarani vilipungua kwa zaidi ya 1,000. Ila namba yake ilipita Bungeni na kuwa sheria kamili. Sisi tuliichukua namba, tukaruka Bunge. Kwa hiyo majaji walikuwa sahihi, na bado sijivunii kelele zangu za siku ile.

Kwa sababu beshte yangu angetembea juu ya mstari wowote. Alikuwa akipiga stori bila kujikwaa, mikono miwili kwenye usukani, hadi tulipougonga mkokoteni wa maji ulioegeshwa kando ya barabara. Mitungi ikatawanyika. Mwenyewe alikuwa ameenda ng'ambo kununua sigara, akarudi akikimbia. Tulimchangia 3,000 papo hapo. Akazihesabu mara mbili, akaanza kuokota mitungi yake, na sisi tukaondoka, dereva akiwa ni yule yule.