Shahada ya uzamili ya uchumi wa maendeleo: Mambo ya kufahamu kabla ya kuomba nafasi

SHAHADA ya uzamili ya uchumi wa maendeleo ni mafunzo ya ngazi ya pili ya chuo kikuu yanayochunguza sababu za baadhi ya nchi kubaki maskini ilhali nyingine huneemeka, pamoja na hatua zinazoweza kuibadili hali hiyo.

Kwa msomi wa Afrika Mashariki, somo hili si habari ya mbali. Mifano mingi inayofundishwa madarasani, iwe London au The Hague, imetoka katika mashamba, shule na zahanati za ukanda huu.

Taaluma hiyo ilipata umbo lake baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati makoloni ya Asia na Afrika yalipokuwa yakijipatia uhuru. Miongoni mwa waasisi wake ni Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Lucia, ambaye mwaka 1954 alieleza namna nguvukazi ya ziada iliyomo katika kilimo cha kujikimu inavyoweza kuhamia viwandani na kukuza uchumi.

Mwaka 1957 Lewis alikwenda Ghana kuwa mshauri wa uchumi wa Kwame Nkrumah, lakini hakudumu huko kwani walitofautiana kuhusu matumizi ya fedha za umma. Mwaka 1979 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Theodore Schultz wa Marekani.

Mwingine ni Amartya Sen wa India, aliyeishuhudia akiwa mtoto njaa ya Bengal ya mwaka 1943. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alionyesha kwamba watu wanaweza kufa kwa njaa hata pale chakula kinapokuwapo, iwapo hawana njia ya kukipata. Sen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Kwa upande wa Tanzania, Justinian Rweyemamu aliandika mwaka 1973 kitabu kuhusu kudumaa kwa uchumi na ujenzi wa viwanda nchini, kazi ambayo ingali ikitajwa na wanafunzi wanaochunguza kipindi kilichofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Masomo ya shahada hii kwa kawaida huanza na nguzo tatu. Ya kwanza ni uchumi mdogo, unaotazama maamuzi ya kaya na makampuni. Ya pili ni uchumi mpana, unaohusu mfumuko wa bei, kodi, deni la taifa na ukuaji wa pato. Ya tatu ni ekonometriki, yaani matumizi ya takwimu katika kupima uhusiano wa mambo ya kiuchumi.

Baada ya hapo mwanafunzi huchagua masomo ya nyongeza kama vile uchumi wa kilimo, afya, ajira, biashara ya kimataifa au mazingira, kisha huandika tasnifu.

Wengi hukwama katika hesabu. Mwombaji aliyeacha kalkulasi na takwimu tangu mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza hujikuta katika wakati mgumu, hasa Uingereza ambako kozi nyingi huchukua mwaka mmoja tu. Mihadhara huanza Septemba au Oktoba, mitihani mingi hukamilika kabla ya Julai, na tasnifu hukabidhiwa karibu na Septemba. Aliyeachwa nyuma mwezi wa kwanza hana muda wa kuwafikia wenzake.

Kwa sababu hiyo, ni busara kurudia hesabu miezi kadhaa kabla ya kuanza masomo, na kujizoeza programu za kuchambulia takwimu kama vile Stata na R.

Ipo pia njia ya kusoma barani Afrika. Shirika la Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, lilianzishwa mwaka 1988 na makao yake yako Nairobi. Mwaka 1993 lilizindua mpango wa pamoja wa shahada ya uzamili ya uchumi unaovishirikisha vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Chini ya mpango huo, mwanafunzi husoma masomo ya msingi chuoni kwake, hukutana Nairobi na wenzake wa nchi nyingine kwa masomo ya kuchagua, kisha hurejea kuandika tasnifu. Miongoni mwa walioliongoza shirika hilo ni Benno Ndulu, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia mwaka 2008 hadi 2018.

Nje ya Afrika, taasisi ya masomo ya jamii ya The Hague, Uholanzi, imekuwa ikiwapokea wanafunzi wa nchi zinazoendelea tangu mwaka 1952. Nchini Marekani, chuo cha Williams kina kituo cha uchumi wa maendeleo kilichoanza mwaka 1960, ambacho hulenga zaidi watumishi wa serikali na benki kuu.

Gharama ndicho kikwazo kikubwa. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa walau miaka miwili, na humtaka aliyefadhiliwa kurejea nchini kwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Ujerumani nayo hutoa ufadhili kupitia DAAD kwa kozi zinazohusu maendeleo, ambapo uzoefu wa kazi huhesabiwa pia.

Faida ya mafunzo haya huonekana pale takwimu zinaposomwa kwa makini. Kwa mujibu wa tafiti za mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara, umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18.

Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho idadi ya maskini iliongezeka kutoka takriban milioni 12 hadi milioni 14, kwa kuwa watu waliongezeka kwa kasi kuliko umaskini ulivyopungua. Anayeitazama asilimia peke yake ataona mafanikio, na anayeitazama idadi peke yake ataona kushindwa. Ofisa anayepanga bajeti ya chakula, shule au dawa hana budi kuzitazama zote mbili.

Fundisho jingine limetoka Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998, Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za msingi ambako wanafunzi walipewa dawa za minyoo kwa awamu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kuwa utoro ulipungua kwa robo hivi katika shule zilizopata dawa.

Mwaka 2015 watafiti wengine walizichambua upya takwimu hizo, wakabaini makosa na kuibua mjadala mkali kuhusu ukubwa wa mafanikio yale. Mwaka 2019 Kremer alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa matumizi ya majaribio ya aina hiyo katika vita dhidi ya umaskini.

Mjadala huo sasa ni sehemu ya masomo yenyewe. Mwanafunzi hutakiwa kuonyesha takwimu alizitoa wapi, alizipimaje, na ni nani aliyeachwa nje ya hesabu. Ndiyo maana inashauriwa mada ya tasnifu ichaguliwe mapema, na iwe swali ambalo takwimu zake zinapatikana kabla muda wa masomo haujamalizika.