Kitufe Kisichogota

Kwenye redio ya gari la zamani, ukizungusha kitufe cha sauti kwenda kushoto, sauti hufifia, kisha kitufe kinagota, "tak", redio imezimika. Cha gari la leo huzunguka mpaka mkono uchoke.

Kampuni ya Paul Galvin huko Chicago ilianza kuuza redio za gari kwa jina la Motorola mwaka 1930. Redio za enzi hizo zilikuwa sanduku kubwa la kufichwa. Dereva aliwekewa vitufe karibu na usukani, na waya wa chuma uliozunguka ndani ya ala ulipeleka mzunguko wa vidole hadi sandukuni.

Baadaye redio ilipunguzwa ikaingia kwenye dashibodi. Nyuma ya kitufe cha sauti palikuwa na utepe wa kaboni uliopinda, na ulimi wa chuma ukiteleza juu yake. Sauti yenyewe ilipita hapo, ndiyo maana vumbi likiingia spika zilikwaruza.

Sasa sauti haipiti tena kwenye kitufe. Mara nyingi ndani mna swichi mbili ndogo, moja ikitangulia kidogo kuliko mwenzake. Kompyuta ya redio hutazama ipi imetangulia ikajua umezungushia upande gani, kisha huhesabu hatua. Zikichakaa hesabu inavurugika: unaongeza sauti, yenyewe inapungua!

Kutogota kuna sababu. Siku hizi sauti huongezwa hata kwa vitufe vya usukani, na baadhi ya magari huipandisha yenyewe mwendo ukikolea. Kitufe cha kugota kingebaki kinaonyesha robo ilhali spika ziko nusu.

Honda walijaribu kuondoa kitufe cha sauti kwenye baadhi ya Civic za 2016, wakaacha kioo cha kugusa. Madereva walinung'unika, na kwenye toleo la 2019 kikarudi. Sishangai, kioo hakipapasiki macho yakiwa barabarani.

Kitufe cha stesheni nacho hakigoti, ila namba zina mpaka. Katika magari mengi yaliyotumika Japani zinafika 90 kisha zinarudi 76, wakati FM ya kwetu inapanda hadi 108. Ili stesheni zetu zisikike, fundi hakigusi kitufe. Anachomeka kwenye waya wa antena kisanduku cha kushusha masafa, tuseme kwa 18, na stesheni ya 100 unaitafuta kwenye 82.