Kuanzia Ufukweni: Hoja Kuhusu Mlango wa Kuingilia The Legend of Zelda

Gemu ya kwanza ya The Legend of Zelda ilitoka nchini Japani Februari 21, 1986, ikiwa kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Tangu hapo mfululizo umekua mno, hata anayetaka kuuingia leo hukwama kabla hajagusa kitu: aanze na ipi? Wapo wanaomwambia afuate miaka ya kutolewa, na wapo wanaomwambia afuate mpangilio wa matukio ya hadithi. Nashikilia kwamba pande zote mbili zinakosea kwa sababu moja. Zinauchukulia mfululizo huu kama riwaya ndefu iliyokatwa juzuu, ilhali ni hekaya, kama jina lake lenyewe linavyotangaza.

Hekaya husimuliwa upya. Hakuna anayeuliza kama Sungura alimhadaa Fisi kabla au baada ya kumhadaa Simba. Mtambaji akiita "paukwa" na kuitikiwa, ulimwengu unaanza. Ndivyo ilivyo kwa shujaa Link na binti mfalme Zelda: majina hayabadiliki, lakini mara nyingi wanaoyabeba ni watu wengine, wa zama nyingine. Mwishoni mwa 2011 kilichapishwa nchini Japani kitabu cha Hyrule Historia, kilichozipanga gemu hizo katika mstari mmoja unaogawanyika matawi matatu baada ya Ocarina of Time ya 1998. Baadaye Nintendo yenyewe, kampuni yenye mfululizo huu, ikazipanga upya baadhi ya sehemu za mstari huo. Mpangilio uliotangazwa robo karne baada ya gemu ya kwanza ni tafsiri ya kazi zilizokwisha kuwapo, si njia iliyochongwa kwa ajili ya mgeni. Anayeutii ataanza na Skyward Sword ya 2011, inayoeleza chimbuko la upanga mashuhuri wa mfululizo. Chimbuko hilo humgusa aliyekwisha kuushika upanga huo. Mgeni anateguliwa kitendawili ambacho hajategewa.

Gemu ya 1986 nayo imeficha siri zake chini ya vichaka vya kuchoma moto na nyuma ya kuta za kulipua, aghalabu bila alama yoyote. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Ila inadai subira inayotokana na mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo kwanza mgeni anayatafuta.

Mlango ninaoupendekeza ni Link's Awakening, iliyotolewa kwa Game Boy mwaka 1993 na kutengenezwa upya kwa Switch mwaka 2019. Link amevunjikiwa na chombo baharini. Anazinduka katika nyumba ngeni kwenye kisiwa cha Koholint, na Link anamdhania msichana anayemuuguza, Marin, kuwa ni Zelda. Siye. Hakuna ufalme wa Hyrule hapa, wala binti mfalme wa kuokolewa. Mchezaji na shujaa wake ni wageni sawasawa. Tarin, anayeishi na Marin, anampa Link ngao, naye Link anateremka kusini kutafuta upanga wake. Njia ya ufukweni imezibwa na viumbe wa baharini wenye miiba. Mkononi hana silaha, ana ngao tu. Anaiinua, anasonga mbele, na viumbe wale wanasukumika pembeni. Hakuna mwalimu aliyetoa somo, lakini somo limeingia: kizuizi ni swali, na jibu lake umelishika. Katika pango la kwanza anapata unyoya unaomwezesha kuruka, na mashimo yaliyokuwa yakimkatia njia yanageuka kuwa njia. Sarufi ya sehemu kubwa ya mfululizo imo humo, kwa ufupi wa kupendeza.

Pingamizi kubwa ni Breath of the Wild ya 2017, iliyouza zaidi ya nakala milioni 30, na ambayo kwa wengi ndiyo iliyokuwa mlango. Uwanda wake wa juu wa mwanzoni, wenye mahekalu manne, ni somo lililopangwa kwa ustadi wa hali ya juu. Nakiri pia kwamba anayetaka kucheza gemu moja tu basi acheze hiyo. Lakini uhuru wake ni uasi dhidi ya mazoea ya miaka thelathini: mchezaji anaweza kupanda karibu kila mwamba na kumwendea adui mkuu mara tu atokapo uwandani. Aliyeanzia hapo, akirudi nyuma, huviona vizuizi vya gemu za awali kama ukuta mtupu. Aliyeanzia Koholint huuona uhuru huo kwa ukubwa wake, kwa kuwa anajua ni nini kilichofunguliwa.

Kutoka kisiwani ningemwelekeza kwenye Ocarina of Time. Ndani ya Mti wa Deku atakuta utando mzito wa buibui umefunika shimo la sakafuni. Ataukanyaga, utabonyea bila kukatika. Atajaribu upanga, nao hautafaa. Kisha, kwa kuwa amezoea kuuliza ameshika nini, atatazama juu na kuhesabu ghorofa.