Kitivo kimoja kilichowaita vijana wa nchi tatu

Kila ifikapo Oktoba 25, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hukumbuka kuzaliwa kwake, na wengi hudhani kilizaliwa Mlimani, kilipo leo. Sivyo. Mwaka 1961 kilianzia ndani ya jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache na kitivo kimoja tu, sheria.

Kwa nini sheria, ilhali nchi ilikuwa na uhaba wa madaktari na wahandisi? Jibu lilikuwa kwa majirani. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilishakuwa na udaktari na kilimo. Nairobi ilikuwa na uhandisi. Shahada ya sheria haikufundishwa popote Afrika Mashariki. Wakoloni hawakuwa na haraka ya kusomesha mawakili Waafrika, maana wakili ni mtu wa kuhoji amri. Aliyeitaka kazi hiyo ilimbidi avuke bahari hadi nchi kama Uingereza, na mkulima wa kahawa au pamba angeitoa wapi gharama hiyo? TANU haikusubiri majengo mapya. Ilitoa jengo lake, na masomo yakaanza wiki chache kabla ya uhuru wa Desemba 9. Katika darasa lile alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria.

Makerere, Nairobi na Dar zilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake, mgawanyo huo ukawa sera: vitivo vya gharama kubwa visirudiwe. Kijana wa Bukoba aliyetaka udaktari akaenda Kampala. Wa Moshi aliyependa uhandisi akaenda Nairobi. Mkenya aliyetaka uwakili akaja Dar. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisomea sheria hapa.

Lakini kila serikali ilitaka vyake nyumbani. Nairobi ikaanza udaktari 1967. Makerere ikaanza sheria 1968, mwaka ambao Dar nayo ilipata kitivo cha udaktari. Morogoro ikafuata na kilimo 1969. Mwaka 1970 chuo cha pamoja kikavunjwa. Uhandisi ulifika Dar 1973. Tulipata vitivo, tukapoteza mabweni ambamo Mganda, Mkenya na Mtanzania walibishana hadi usiku wa manane. Hasara hiyo hatujawahi kuipima ipasavyo.

Siku hizi vyuo ni vingi, na tangu udahili wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ulioanza 2010, ulipoachwa 2017, kijana huomba chuo mwenyewe. Hata hivyo bado huchaguliwa na kilichopo. Binti akipangiwa shule yenye HGL na HKL pekee, tahasusi za sanaa, hufungiwa njia ya udaktari kabla hajaufikiria. Mwongozo wa kozi za chuo kikuu humfikia kidato cha sita, tahasusi ikiwa imeshaamua. Wizara ya Elimu iupeleke kidato cha nne, siku anayojaza selform, fomu ya kuchagua tahasusi, pamoja na mwalimu wa kumfafanulia.