Kabla hujailaumu saketi, kagua waya wa kupimia

Leo tuweke programu kando kidogo. Kila nikisikia mtu akisema osiloskopu za zamani “zina kelele” najiuliza: je, ameikagua probu yake? Mara nyingi mashine haina kosa. Kosa liko kwenye waya aliouchomeka.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1897, Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza mjini Strasbourg neli ya kioo ambamo mkondo wa elektroni uligonga skrini na kuacha nukta ya mwanga. Umeme ukibadilika, nukta inasogea. (Nobel aliyoipata mwaka 1909 pamoja na Marconi ilikuwa ya mambo ya redio, si ya neli hii!)

Mwaka 1946 Howard Vollum na Jack Murdock walianzisha Tektronix huko Portland, Marekani. Mwaka uliofuata wakatoa modeli 511: megahezi 10, bei dola 795. Ilisubiri ishara ifike ndipo ianze kuchora, hivyo wimbi likatulia kwenye skrini badala ya kuteleza.

Hapo shida nyingine ikajitokeza. Kadiri osiloskopu zilivyopata kasi, ndivyo waya wa kupimia ulivyoharibu kazi. Kebo ya kawaida ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita. Ukiigusisha kwenye saketi nyeti, umeiongezea kapasita ambayo mbunifu hakuiweka. Yaani kwa kupima tu, unabadilisha unachokipima! Sisi wa programu tunaujua mchezo huu: unaweka mistari ya kuchapisha ili umwone mdudu, mwendo wa programu unabadilika, mdudu anatoweka.

Dawa ikawa probu ya kugawanya kwa 10. Kwenye ncha kuna rezista ya megaomu 9, na ndani ya osiloskopu kuna megaomu 1, kwa hiyo inafika sehemu moja tu ya kumi ya volteji. Lakini rezista peke yake haitoshi, kwa sababu kapasitansi ya kebo na ya osiloskopu humeza mabadiliko ya haraka. Basi sambamba na ile megaomu 9 huwekwa kapasita ndogo. Zidisha rezista kwa kapasita kila upande: majibu yakilingana, masafa ya chini na ya juu yanagawanywa sawasawa. Na saketi sasa inabebeshwa pikofaradi 10 hivi, badala ya zaidi ya 100.

Ukabaki mwangwi. Ishara ya haraka ilifika mwisho wa kebo, ikarudi, ikaenda tena. John Kobbe na William Polits wa Tektronix wakafanya jambo linaloonekana kichekesho: katikati ya kebo wakaweka waya mwembamba wenye ukinzani badala ya shaba nzuri. Mwangwi ukachoka njiani! Walipata hataza mwaka 1959, na wazo hilo bado limo ndani ya probu za leo.

Sasa chukua Tektronix 465 ya mwaka 1972, yenye megahezi 100. Ingizo lake ni pikofaradi 20 hivi. Osiloskopu nyingine za kampuni hiyo hiyo zina 47. Probu iliyotengenezewa 20 huenda isifike 47 hata uzungushe skrubu mpaka basi. Kwa hiyo soma kwanza namba iliyoandikwa kando ya tundu la kuingizia, kisha ile ya probu. Zikipatana, gusisha ncha kwenye kalibreta iliyo mbele ya mashine, inayotoa wimbi la mraba, na uzungushe skrubu ndogo kwa bisibisi ya plastiki. Kona zikichongoka, masafa ya juu yamezidi. Zikiviringika, yamepungua. Unataka juu pawe tambarare.

Na ile kelele, mstari unapokuwa mnene kama kamba? Fuata hatua hizi:

1. Fupisha waya wa ardhi. Sentimita 15 za waya huo pamoja na pikofaradi 10 za ncha hulia kama kengele kwenye megahezi 130 hivi. Tena hunasa kila kinachopita hewani.

2. Washa kizuizi cha megahezi 20. Kelele hufuata kipeuo cha pili cha upana wa masafa, hivyo kushuka kutoka 100 hadi 20 hupunguza zaidi ya nusu.

3. Kwa ishara ndogo sana, weka probu kwenye 1. Ile ya 10 hupunguza ishara, lakini kelele ya ndani ya mashine inabaki vile vile. Bei yake ni kwamba unabaki na megahezi chache tu.

4. Ukiona mawimbi ya 100 kwa sekunde hata bila probu, shuku kapasita za pawa zilizokauka. Umeme wetu ni wa 50, na ukinyooshwa unakuwa 100. Hapo mpe fundi, maana neli ile ina maelfu ya volti.

Kwa nini yote haya? Kwa sababu kona iliyoviringwa na probu inafanana kabisa na kona iliyoviringwa na chipu mbovu. Macho hayawezi kutofautisha. Fundi atang'oa chipu nzima, atanunua nyingine, na picha itabaki ile ile. Dakika moja kwenye kalibreta ingemwokolea pesa ya mteja.