Kukata Uvimbe, Kuziba Pengo: Historia ya Upasuaji wa Ngozi ya Mbwa

Katika mwili wa mbwa, hakuna mahali panapoota uvimbe mara nyingi kuliko kwenye ngozi. Kuukata kulijulikana tangu zamani. Kilichowashinda waganga ni pengo lililobaki. Aliyehofia kwamba kingo za jeraha hazitakutana alipitisha kisu karibu mno, mizizi ya uvimbe ikabaki chini, na baada ya muda ukaota upya. Matibabu haya yalisonga mbele kwa kadiri madaktari walivyojua kupata ngozi ya kuziba.

Shule ya kwanza ya tiba ya wanyama barani Ulaya, iliyoanzishwa na Claude Bourgelat huko Lyon mwaka 1761, ilijishughulisha zaidi na farasi na ng'ombe. Mbwa aliisaidia sayansi kabla sayansi haijamsaidia yeye: mwaka 1876, Mstislav Novinsky wa Urusi alipandikiza vipande vya uvimbe wa mbwa mmoja kwa mwingine, vikaota.

Ufundi wa kuhamisha ngozi ulitoka kwa binadamu. Nchini India, watu waliokatwa pua walitengenezewa mpya kwa kugeuza ngozi ya paji la uso, upande mmoja ukiachwa umeshikamana ili damu iendelee kupita. Habari hizo zilichapishwa London mwaka 1794, na mpasuaji Joseph Carpue akafanya upasuaji huo huko mwaka 1814. Hata hivyo, kwa miaka mingi wapasuaji walifungwa na kanuni kwamba kipande cha ngozi inayohamishwa kisizidi urefu fulani kulingana na upana wake, la sivyo ncha itakufa. Mwaka 1970 Stuart Milton, kwa majaribio ya nguruwe, alionyesha kuwa kanuni hiyo si kweli: uhai wa kipande hutegemea mishipa inayokilisha.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa mbwa. Kwa binadamu, mishipa mingi ya ngozi hupenya misuli na kupanda wima. Kwa mbwa, ateri hutambaa sambamba na ngozi, pamoja na msuli mwembamba unaomwezesha kuitikisa nzi anapotua. Mwaka 1980 na 1981, Michael Pavletic wa Marekani alichapisha tafiti za vipande virefu vinavyokatwa kwa kufuata ateri hizo. Ngozi ya chuchu za nyuma hugeuzwa kufunika paja hadi goti. Ile ya nyuma ya bega hufunika kwapa na sehemu ya juu ya mguu wa mbele. Hakuna hatua iliyompa mpasuaji wa mbwa uhuru mkubwa kuliko hii.

Kilibaki kipimo cha kukata. Mwaka 1984 mtafiti Patnaik na wenzake waliugawa uvimbe wa seli za masti, aina mojawapo ya saratani ya ngozi ya mbwa, katika madaraja matatu kulingana na ukali wake. Desturi ilikuwa kuondoa sentimita 3 za ngozi nzima kila upande. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba sentimita 2, pamoja na tabaka moja la utando chini yake, zinatosha kwa uvimbe mwingi wa daraja la kwanza na la pili.

Miguuni chini, ambako ngozi imebana, hupandikizwa ngozi iliyotolewa kabisa kwingine na kutobolewa ili majimaji yatoke. Penye shaka kama uvimbe umekwisha, jeraha hufungwa bandeji kwanza, na ngozi huhamishwa baada ya majibu ya maabara, kwa kuwa seli zilizosalia huweza kubebwa hadi mahali ngozi ilikotolewa.